Kutovaa Sidiria Si Kesi ya Kujibu

"Dada, kuna kitu umesahau nyumbani."

Wanawake wa Kisumu wasiovaa sidiria wanayajua maneno haya katika sauti zake zote. Makanga aliyening'inia mlangoni mwa matatu pale Kondele huyasema kwa kelele, ili abiria wacheke naye. Mama wa kanisani huyanong'ona baada ya ibada, amekuvuta pembeni na kukushika mkono kama anayekupa pole. Mfanyakazi mwenzako hayasemi waziwazi. Atakuuliza kama husikii baridi, katika mji ambao joto la mchana hukaribia nyuzi 30 karibu mwaka mzima. Shangazi naye hana haja ya mafumbo: "Nyathina, mwanangu, utatembea hivyo hadi lini?"

Sauti ni nyingi ila dai ni moja. Wote wanataka ujieleze. Hakuna aliyekuletea habari usiyokuwa nayo, maana nguo ulivaa mwenyewe asubuhi na unajua ulivaa nini na hukuvaa nini. Wanachotaka ni sababu. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoandika na kushauri kuhusu jambo hili, ambao humfundisha mwanamke kutafuta sababu nzuri zaidi. Mimi nasema asitoe sababu kabisa.

Tuziangalie sababu zenyewe kwanza, kwa kuwa ni za kweli na sitaki zidharauliwe. Joto la ukanda wa ziwa hutoa jasho chini ya matiti, jasho likikaa kwenye kitambaa kisichopitisha hewa ngozi huchubuka na fangasi wakapata makao. Mama anayenyonyesha ana titi linalojaa na kupungua siku nzima, na sidiria inayobana sana inaweza kuzuia maziwa yasitoke vizuri hadi titi likavimba na kuuma. Halafu kuna suala la soko. Wengi wetu hununua sidiria za mitumba. Ukienda Kibuye siku ya Jumapili, utawaona wanawake wameinamia marundo, kila mmoja akiipima sidiria juu ya blauzi aliyovaa, kwa macho na kwa kubahatisha, kwa kuwa hakuna chumba cha kujaribia na namba za kwenye lebo zilipangwa kwa ajili ya wateja wa nchi nyingine. Unarudi nyumbani na kitu kilichomkaa vizuri mtu mwingine. Mkanda unakata bega, waya unachoma ubavu, na jioni ukiivua unapata alama nyekundu kuanzia mgongoni hadi kwapani. Mwanamke anayeamua kuachana na mateso hayo hajafanya jambo la ajabu.

Lakini tazama yanayofuata anapozitaja sababu hizo mbele ya aliyemsema. Akisema ni joto, ataambiwa joto liko kwa wote, mbona fulani anavaa. Akisema ni vipele, ataelekezwa duka lenye sidiria za pamba. Akisema ananyonyesha, kuna atakayekumbuka mwezi aliomwachisha mtoto. Sababu ikishatolewa inapata hakimu, na hakimu huyo ndiye yule yule aliyeanza kusema bila kuulizwa. Ruhusa inayotolewa kwa ajili ya ugonjwa huisha ugonjwa ukipona. Na mwanamke asiye na ugonjwa, asiyenyonyesha, asiyechubuka popote, ambaye ameamka tu akaona yuko vizuri hivyo, yeye amwambie nini hakimu? Kila tunapojitetea kwa cheti cha daktari tunamwacha huyo peke yake kizimbani. Kifua chake ni chake sawasawa na kifua cha aliye na vipele.

Kwa hiyo jibu ninalolipendekeza ni fupi. Mtu akikuambia umesahau kitu nyumbani, mwambie: "Sijasahau." Basi. Halina tusi ndani yake, halina ukali, na ni kweli tupu. Ukishalitamka, nyamaza na uendelee na ulilokuwa ukifanya. Kimya kinachofuata kitakuwa kigumu, na wengi wetu hukimbilia kukijaza kwa maelezo kwa sababu tumelelewa kuona aibu ya wengine kama kazi yetu. Kiache. Aliyeanzisha maneno ndiye anayepaswa kuamua kama ana ujasiri wa kuendelea na kusema waziwazi kile alichokuwa akikizungukia. Wengi hawana.

Wapo wanaopenda jibu kali, na sokoni utamsikia mwanamke akimrushia mwenzake: "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Kati ya watu wa rika moja, wanaofahamiana na kutaniana, jibu hilo linafaa sana. Kwa mtu mzima halifai, na kwa mwanamume usiyemjua, barabarani, linaweza kuwa mwaliko wa mabishano anayoyatafuta. Nitarudi kwake.

Kuna madai yanayovaa koti la afya. Utaambiwa usipovaa sidiria matiti yatalala, kana kwamba hilo ni balaa ambalo jirani ana wajibu wa kulizuia. Matiti hushikiliwa na ngozi pamoja na nyuzi zilizo ndani yake, na hivyo hulegea kwa mambo yanayojulikana. Utafiti wa madaktari wa upasuaji kutoka Kentucky, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2008 ulitaja umri, idadi ya mimba, uzito wa mwili, ukubwa wa matiti kabla ya mimba na uvutaji wa sigara. Kunyonyesha, ambako watu wengi hukulaumu, hakukuonekana kuwa na hatia. Hakuna ushahidi thabiti kwamba kuvaa sidiria kila siku huzuia matiti kulegea. Upande wetu nao huzidisha chumvi. Daktari mmoja wa Besançon, Ufaransa, alipotangaza mwaka wa 2013 kwamba wanawake vijana aliowafuatilia walionekana kunufaika kwa kuacha sidiria, habari ilienea kama sheria ya maumbile, ingawa yeye mwenyewe alionya kwamba matokeo hayo hayatoshi kuwashauri wanawake wote. Na ile hofu kwamba sidiria huleta saratani ya matiti ilichunguzwa na watafiti wa Seattle, Marekani, mwaka wa 2014, miongoni mwa wanawake waliokoma hedhi, na hawakupata uhusiano wowote kati ya sidiria na saratani hiyo. Mwenye matiti makubwa anayekimbia au kubeba mizigo huenda akahitaji sidiria imsaidie kupunguza maumivu, na hilo ni lake pia kuamua. Yajue haya ili moyo wako utulie usiku. Si lazima uyahubiri ndani ya tuktuk.

Dai la mila ni zito zaidi, na hapa magharibi mwa Kenya lina historia ambayo watu wachache wanapenda kuikumbuka. Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka wa 1901. Wageni walioandika kuhusu eneo hili, wakati huo likiitwa Kavirondo, walishangazwa na jinsi wenyeji walivyotembea bila nguo za Kizungu, na baadhi yao wakakiri kwamba watu hao walikuwa na maadili makali kuwashinda wengine waliojifunika gubigubi. Mwanamke Mjaluo aliyeolewa alitambulika kwa chieno, mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni ukaning'inia nyuma, na heshima yake ilikuwa pale. Kifua chake hakikuwa siri wala kashfa. Kilikuwa kifua cha mama. Nguo za kufunika mwili mzima zilisambaa pamoja na maduka, kazi za mshahara na misheni, ikiwemo ile ya Waanglikana iliyoanzishwa Maseno mwaka wa 1906, na baada ya muda mfupi kufunika mwili kukawa alama ya usomi na Ukristo. Sidiria yenyewe, kwa umbo linalokaribia la leo, ilipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka wa 1914, baada ya Mary Phelps Jacob wa New York kuchoka na kanda ngumu za kubana mwili. Nyanya za nyanya zetu walikuwa wameshalea watoto wakati huo.

Sisemi kwamba turudi kwenye chieno, wala sisemi historia inamaliza ubishi. Watu hubadilika na desturi zao hubadilika, na Kisumu ya leo si bandari ya mwaka wa 1901. Nasema tu kwamba asiyevaa sidiria hajaivunja mila ya mababu. Akiambiwa ameivunja, ana haki ya kujua ni mababu gani wanaozungumziwa.

Zaidi ya hayo, ile inayoitwa mila haimgusi kila mtu kwa usawa. Nenda Dunga asubuhi wavuvi wanaporudi, utawaona vidari wazi kuanzia mitumbwini hadi kwenye mizani, na wateja wa samaki wakipiga nao bei bila kuinamisha macho. Hilo ni la wanaume. Kati ya wanawake nako kuna ubaguzi: mwembamba mwenye kifua kidogo atavaa fulana nyepesi bila sidiria na apite soko zima bila kusikia neno, ilhali mwenye kifua kikubwa, akiwa na fulana iyo hiyo na akiwa amejifunika zaidi, hatafika mbali kabla ya kusemwa. Kanuni inayobadilika kwa ukubwa wa titi haihusu nguo. Ni mwili wa mtu unaosemwa, na mwili ndio kitu ambacho hakuuchagua. Chuchu husimama kwa baridi, kwa kuguswa na kitambaa, kwa upepo wa ziwani, kwa sababu zina misuli inayojikaza yenyewe bila kuombwa. Anayezisoma kama ujumbe aliotumiwa yeye amejiandikia barua.

Kanisani nako kuna maneno yake. Tunanukuliwa waraka wa kwanza kwa Timotheo, unaowataka wanawake wajisitiri. Mstari huo huo unakataza kusuka nywele, dhahabu, lulu na nguo za thamani, na sijaona mama akivutwa pembeni baada ya ibada kwa sababu ya hereni au nywele zilizosukwa. Na Injili ya Mathayo, inapozungumza na mtu anayekosea kwa kutazama, inashughulika na jicho lake. Naliheshimu kanisa nililolelewa ndani yake, na ndiyo maana natamani lisome mistari yote miwili.

Sasa nirudi kwa shangazi, kwa sababu yeye ndiye mgumu zaidi na ndiye anayestahili muda wetu. Jibu la neno moja kwa mtu mzima wa ukoo ni utovu wa adabu, na sitamshauri mtu alitumie. Pia sikubaliani na wanaomweka shangazi kwenye kapu moja na makanga. Kwa mama aliyekulia kijijini miaka ambayo nguo mpya ilisubiri Krismasi, sidiria ilikuwa kitu cha hadhi, kilichomwambia kila mtu kwamba msichana huyu ana watu wanaomtunza. Akikuona huna, anasikia jamaa zake wakisemwa. Na chini ya hapo kuna hofu iliyo kubwa zaidi. Mwezi wa Novemba 2014 wanawake walivuliwa nguo hadharani jijini Nairobi na wanaume waliodai kwamba hawakuvaa vizuri, picha zikasambaa nchi nzima, na tarehe 17 mwezi huo wanawake wakaandamana wakisema mavazi yao ni hiari yao. Shangazi alizisikia habari hizo. Anaposema "utatembea hivyo hadi lini," huenda anasema "nisije nikapigiwa simu nikuletee leso hospitalini."

Basi muulize. "Shangazi, nimekusikia. Niambie unaogopa nini." Ukimpa nafasi, atasema, na mazungumzo yatakuwa ya watu wawili wanaopendana. Huenda mkafika mahali mkakubaliana kwamba wenye kosa ni wale vijana wa stendi, na kwamba binamu zako, ambao wanakula kwa shangazi huyo huyo kila Jumapili, ndio wanaofaa kuketishwa na kuambiwa. Huenda pia msikubaliane. Hapo sema, "Nashukuru kwa kunijali. Mimi niko sawa hivi," na siku nyingine akirudia, rudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, bila kuongeza sababu mpya. Heshima haikudai ushinde wala ushindwe. Na akiomba uvae kwenye matanga ya mjomba, ukaona ni sawa kumfanyia hivyo siku hiyo moja, mfanyie. Utakuwa umempa zawadi, na zawadi haigeuki kuwa kodi ya kila mwezi.

Sheria ilijibu ukatili wa 2014. Marekebisho ya sheria za usalama yaliyotiwa saini Desemba mwaka huo yaliingiza kifungu cha 251A katika Kanuni ya Adhabu, na anayemvua mtu nguo kwa nguvu anaweza kufungwa miaka isiyopungua 20. Kifungu cha 28 cha Katiba ya 2010 kinalinda utu wa kila mtu, na cha 29 kinamlinda dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka serikalini au kwa watu binafsi. Haya ni muhimu kwa sababu kuna watu wanaoamini kwamba mwanamke aliyevaa wasivyopenda yuko nje ya ulinzi. Hayuko.

Hata hivyo Katiba haisimami nawe gizani pale Nyalenda. Wanaume wa barabarani wanaposema, kipimo changu ni kimoja tu, usalama. Kama wako wengi na wewe uko peke yako, usijibu chochote, tembea kuelekea kwenye watu, ingia dukani, mpigie mtu simu kwa sauti inayosikika. Wapo watakaokuambia kwamba kunyamaza ni kuwapa ushindi. Si kweli. Mtu anayekupigia kelele kutoka kwenye pikipiki hajaanzisha mjadala, na asiyeanzisha mjadala hawezi kuushinda.

Kazini ndiko ambako kunyamaza hunifanya nikose usingizi, kwa sababu huko anayesema ana uwezo wa kukunyima zamu, mkataba au barua ya sifa. Tofautisha mambo mawili. Mwajiri anaweza kuwa na kanuni ya mavazi. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula, mtu wa Bungoma, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Wengi walimpinga, lakini aliitangaza hadharani, ikawahusu wote, na kila mtu akaweza kuisoma na kuibishia. Kanuni iliyoandikwa inaweza kujadiliwa. Meneja anayekuambia kwenye ngazi kwamba leo "umeamka vizuri" huku macho yakiwa kifuani hatekelezi kanuni yoyote. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu maneno ya kimapenzi yasiyotakiwa, ya mdomo au ya maandishi, kuwa unyanyasaji wa kingono yakimwathiri mfanyakazi katika kazi yake, na kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake na hata mfanyakazi mwenza. Mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuwa na sera ya maandishi kuhusu jambo hilo. Iulizie. Jioni hiyo hiyo andika tarehe, mahali, maneno kama yalivyosemwa na nani alisikia. Na kwa anayesema, sentensi moja ya wazi: "Sipendi mwili wangu uzungumziwe. Turudi kwenye kazi." Ukiwa umeisema mara moja, hataweza kudai baadaye kwamba hakujua.

Yote haya yanamtwika mwanamke mzigo wa kujibu, na hilo linaniudhi ninapoyaandika. Matatu ya kwenda Ahero ina watu 14. Makanga akimsema mwanamke mmoja, 12 wanasikia wakiwa wameketi, na kicheko au kimya chao ndicho kinachomwambia kama aendelee. Hawa ndio ningependa wajifunze kujibu. Haihitajiki hotuba. "Makanga, achana naye, twende" inatosha, na ikitoka kwa mwanamume aliyeketi kiti cha nyuma inafika haraka zaidi, kwa sababu makanga alikuwa akiwachekesha wanaume. Atageuka, atakusanya nauli, gari litaondoka. Na mwanamke yule hatakuwa na deni la kumshukuru aliyesema, kwa kuwa kusafiri kwa amani alishakulipia.